Mtoto Aliyeitwa Fisi

Kwa Kikamba mbiti ni fisi. Huko Mulango, Kitui, Samuel Mutuvi na mkewe Valesi Mbandi walikuwa wamefiwa na watoto wawili. Mwingine alipozaliwa, tarehe 30 Novemba 1931, wakamwita Mbiti, jina la mtoto aliyewekewa nadhiri kwa Mungu. Hana, mama yake Samweli, angalielewa.

Mtoto yule aliishi. Alisoma Alliance na Makerere, akapata udaktari wa Cambridge mwaka 1963, akawa kasisi wa Kanglikana na profesa. Mwaka 1965 alimwoa Verena Siegenthaler wa Uswisi, wakajaliwa watoto wanne.

Vitabu vya John Mbiti vya Kiingereza juu ya dini za Kiafrika vilimpa sifa duniani. (Sisi wa vyuo vya theolojia twavijua, wengine kwa hofu ya mtihani tu.) Lakini huko Uswisi alikaa miaka mingi na Agano Jipya la Kigiriki, akilifasiri kwa Kikamba peke yake. Lilitoka mwaka 2014, naye amepita miaka 80. Alifariki Oktoba 2019.

Nyanya zetu wa Kitui na Makueni wasiojua Kiingereza hawakusoma vile vitabu vya sifa. Hiki wanasomewa na wajukuu.