Mshika Fimbo

Kabla ya vioo, maji yalijipima yenyewe. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, alieleza juu ya ubao wa futi 20 ulioning'inizwa nyuzi za timazi, na mgongoni umechimbwa kifereji cha kujaza maji siku ambazo upepo unachezesha nyuzi. Fundi wa Manzese anayesawazisha msingi kwa mpira wa maji hajaenda mbali na Mrumi yule.

Mwaka 1661 Mfaransa Melchisédech Thévenot akafungia kipovu ndani ya kichupa, pimamaji ikapatikana. Baadaye ikafungwa kwenye darubini, darubini ikapandishwa juu ya miguu mitatu, na kazi ikawa ya watu wawili: mmoja anachungulia, mwenzake ameshika fimbo kule mbali.

Huyu wa pili ndiye mtu wangu. Zamani fimbo yake ilikuwa na kibao cha kupanda na kushuka. Mpimaji aliashiria kwa mkono: juu, juu tena, shusha kidogo, hapo! Mshika fimbo akakaza kibao na kusoma namba mwenyewe. Ndipo mwaka 1832 Mwingereza William Gravatt, akipima njia ya reli ya London hadi Dover, akaleta darubini fupi nene na fimbo yenye namba za kusomeka kwa mbali. Kazi ikaenda mbio, na mshika fimbo akanyang'anywa kusoma.

Akabaki kusimama tu, watu husema. Kusimama tu! Chukua alama yenye kimo cha mita 12.400. Fimbo juu yake inasoma 1.350, kwa hiyo jicho la darubini liko 13.750. Fimbo ikihamia shimoni inasoma 2.105, shimo liko 11.645. Sasa fimbo ikiinama, namba inazidi. Ndiyo maana mshikaji huiyumbisha polepole, mbele na nyuma, na mpimaji huandika namba ndogo kuliko zote. Tope likiganda kwenye kitako, sentimita nzima imeshaingia daftarini, nayo itasafiri kutoka alama hadi alama mpaka mwisho wa njia.

Na njia zenyewe ni ndefu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipanda mpaka milima ya Mau, kisha ikateremka Kisumu mwaka 1901, ukingoni mwa ziwa lililo mita 1,134 hivi juu ya bahari.

Mwaka 1950 Zeiss wakatoa Ni2, chombo kinachojisawazisha chenyewe. Mwaka 1990 ikaja NA2000 ya Wild, inayosoma fimbo bila jicho la mtu. Zamu ya mpimaji kunyang'anywa! Fimbo hiyo ina mistari minene na myembamba, kama ile ya paketi ya sabuni. Mgongoni ina kipovu kidogo cha duara, na kabla kitufe hakijabonyezwa sauti inapigwa kutoka kwenye miguu mitatu:

"Kaka, inyooshe!"

Naye anainamia kipovu, anavuta fimbo kidogo kifuani, anatulia.