Ndege ya Saa Mbili Usiku

Bibi yangu anaishi kusini mwa barabara kuu ya Arusha–Moshi, karibu na Kikatiti, na hana saa ya ukutani. Ana ndege. Kila usiku ndege kubwa ya kutoka Ulaya hupita kuelekea uwanja wa Kilimanjaro, ambao sisi tunauita KIA, na kwake huo ndio wakati wa kuhakikisha banda la kuku limefungwa na kuuliza nani hajarudi nyumbani. Ikichelewa, chakula nacho kinachelewa. Likizo iliyopita nilikaa naye nikiandika pendekezo la utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Usiku mmoja, mlio ulipokwisha, akaniuliza: "Hii ndege, nani aliiambia ipite hapa?"

Nilicheka, kisha nikaona sina jibu. Nasoma historia. Naweza kueleza kwa nini reli ilipita Moshi na barabara ya lami ikapita Namanga. Njia ya angani sikuwa nimewahi kuifikiria kama njia. Haina tuta wala vumbi, wala hakuna bango la kuitambulisha. Lakini nayo ilichorwa na watu, ofisini, kwa sababu fulani, na inaweza kufutwa na kuchorwa upya. Nilipoanza kuitafuta historia yake, nilijikuta siangalii juu. Nilikuwa naangalia ardhi.

Uwanja wa KIA uko kwenye tambarare ya Sanya, ukanda mkavu ulio kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro. Si mara ya kwanza kwa tambarare hiyo kuvutia wachora mistari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kupanga upya ardhi ya Arusha na Moshi. Tume hiyo ilipendekeza eneo la Sanya liwe ukanda mmoja wa wafugaji wa Kizungu, usiokatizwa na makazi ya Waafrika. Kwenye ramani lilikuwa jambo safi. Ardhini lilimaanisha kwamba Wameru wapatao 3,000 wa Engare Nanyuki na maeneo jirani waondoke. Mwaka 1951 wakaondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, wakaelekezwa King'ori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kueleza kilichotokea. Habari hiyo tunaifundishwa kama mlango wa harakati za uhuru, na ni kweli. Lakini mimi sasa naisoma pia kama habari ya mstari uliochorwa na watu ambao hawakulala chini yake.

Miaka 20 baada ya Engare Nanyuki, mwaka 1971, KIA ulifunguliwa upande wa kusini wa ukanda huohuo. Nchi ilikuwa huru na nia ilikuwa tofauti kabisa. Wakati huo mtalii aliyetaka kuona Serengeti au Ngorongoro aliweza kutua Nairobi, kukodi gari huko, kuingia kwa Namanga na kurudi Nairobi na fedha zake nyingi. Uwanja mkubwa kaskazini ulikuwa njia ya kumleta moja kwa moja. Na mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa nayo na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Hivyo ramani ya safari za anga ilibadilishwa na siasa kabla ya kubadilishwa na mitambo.

Kwa nini Sanya na si Arusha mjini? Ukitazama milima, jibu linaonekana. Uwanja mdogo wa Arusha, ule wa Kisongo, uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Meru wenye mita 4,566 umesimama karibu yake. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo ndege kubwa huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. KIA uko takriban mita 500 chini zaidi, una uwanda mpana na njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6.

Milima hii imewahi kudai gharama kubwa kwa kosa dogo. Mei 1955 ndege ya Shirika la Afrika Mashariki iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, na watu wote 20 wakafa. Septemba 1999 ndege ndogo ya watalii iligonga Mlima Meru, wakafa 12. Desemba 2013 yalitokea makubwa mengine, safari hii bila kifo. Ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767, iliyokuwa inakwenda KIA, ilitua Kisongo, kwenye njia fupi kuliko nusu ya ile iliyotarajiwa, ikapitiliza hadi kwenye nyasi. Viwanja hivi viwili viko umbali wa kilomita 50 hivi, na njia zao za kurukia zimelala kuelekea upande uleule, mashariki–magharibi. Kwa hiyo sitaki kumfanya mchora njia za ndege kuwa mtu mbaya. Kazi yake ya kwanza ni watu wafike salama.

Kazi ya pili ndiyo inayozungumzwa sana siku hizi: kupunguza moshi. Kwa miongo mingi ndege ziliongozwa na mitambo ya redio iliyosimikwa ardhini. Rubani alitoka mtambo mmoja kwenda mwingine hata kama huko si njia fupi, kisha akashuka ngazi kwa ngazi. Anashuka kidogo, anaambiwa asubiri kwenye kimo hicho, anaongeza moto wa injini ili asidondoke, anashuka tena. Kila ngazi inakula mafuta, na kila kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za kaboni dioksidi.

Setilaiti zimebadilisha mambo. Ndege sasa inaweza kufuata mstari wowote uliopangwa, bila kujali mtambo uko wapi, na kushuka kwa mteremko mmoja mrefu injini zikiwa zimepunguzwa sana. Anayejua bodaboda za Arusha ataelewa haraka. Kijana akifika kwenye mteremko huacha pikipiki iserereke ili kuokoa mafuta. Rubani hazimi injini, lakini hesabu ni ileile. Mwaka 2007, na tena mwaka 2010, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilizitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, ziweke mipango ya kuhamia kwenye uongozaji wa namna hii.

Rada nayo inasaidia. Mwongoza ndege asiyeona ndege kwenye kioo hulazimika kuziachanisha kwa nafasi kubwa, akitegemea rubani amwambie alipo. Akiwa na rada anaweza kuziingiza kwa mpangilio bila kuzizungusha sana. Kizazi changu kilijua neno "rada" kwa njia nyingine. Tulilisikia kwenye "chenji ya rada", pauni milioni 29.5 zilizorudi kutoka Uingereza baada ya kampuni ya BAE Systems kufikishwa mahakamani mwaka 2010 kuhusu mauzo ya rada kwa nchi yetu, zikanunua vitabu na madawati. Baadaye serikali ilinunua rada nne za kiraia, na moja ikafungwa KIA. Wengi wetu tulijua bei ya rada kabla ya kujua kazi yake.

Mpaka hapo ni habari njema: mafuta kidogo, moshi kidogo, safari fupi. Tatizo liko kwenye sifa ileile inayosifiwa. Mstari wa setilaiti ni mwembamba. Zamani ndege kumi ziliweza kupita juu ya vijiji kumi tofauti, kila kimoja kikasikia kidogo. Leo zote kumi zinaweza kupita juu ya paa moja.

Wakazi wa Phoenix, Marekani, walilijua hilo mwaka 2014. Mamlaka ya anga ya nchi yao ilibadilisha njia za kuondokea kwa kutumia setilaiti, ikiamini athari zake kwa mazingira si kubwa. Mitaa ya zamani iliyokuwa kimya ikaamkia kwenye mlio wa ndege moja baada ya nyingine. Jiji na wakazi wakaenda mahakamani, na Agosti 2017 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi, ikiona kwamba mamlaka haikuwashirikisha inavyostahili. Kwenye hesabu ya mafuta mpango ulikuwa mzuri. Waliokuwa chini yake ndio hawakuingizwa kwenye hesabu.

Kuna kesi ya zamani zaidi ambayo nilimsimulia bibi, kwa sababu inahusu kuku. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mfugaji mmoja wa North Carolina, Thomas Causby, alijikuta na ndege za jeshi zikipita takriban mita 25 juu ya shamba lake. Kuku walishtuka, wakajirusha ukutani, wakafa kama 150, na ufugaji wake ukafa nao. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mambo mawili. Kwanza, mwenye shamba hamiliki anga hadi mbinguni. Pili, ndege zikipita chini kiasi cha kumnyima matumizi ya ardhi yake, ametwaliwa mali na anastahili fidia. Bibi alisikiliza, akauliza: "Walimlipa kuku au walimlipa usingizi?"

Ni swali zito kuliko alivyokusudia. Kuku wanahesabika. Usingizi tumezoea kuuona kama si mali. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, linashauri kelele za ndege zisizidi wastani wa desibeli 40 usiku, kwa sababu zikizidi zinaharibu usingizi na afya.

Najua KIA si Heathrow. Ndege za usiku zinahesabika kwa vidole, na bibi hata anaipenda ya kwake. Moshi wa uwanja wetu ni tone kwenye bahari, ingawa wengi wanaoshuka pale wamekuja kupanda mlima ambao barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Lakini mji unakua. Uwanja wa mpira unajengwa Arusha kwa ajili ya fainali za AFCON zilizopangwa 2027, watalii wanaongezeka, na nyumba mpya zinasogea kuelekea Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti. Ukisubiri msongamano ndipo uulize mstari upite wapi, utawakuta watu wameshajenga chini yake.

Na tambarare ya Sanya haijamaliza madeni yake ya ramani. Kwa miongo kadhaa uwanja na vijiji vya Hai na Arumeru vimevutana juu ya eneo la takriban kilomita za mraba 110. Ugomvi wa ardhi angalau una jiwe la mpaka ambalo mtu anaweza kulionyesha kwa kidole. Mstari wa angani hauna. Kuuhamisha hakuhitaji tingatinga wala kubomoa nyumba ya mtu, na kwa sababu hiyo unaweza kuhamishwa bila mtu kuitwa kwenye kikao.

Ninachotaka si kikubwa. Njia mpya ikipangwa, ramani yake ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kabla haijaanza kutumika. Kelele zipimwe kwenye shule na zahanati zilizo chini yake, kabla na baada. Mafuta yatakayookolewa yatajwe kwa namba, na watakaosikia mlio zaidi watajwe kwa majina ya vijiji vyao. Huenda bado tukakubali mstari upite juu yetu. Kukubali baada ya kuulizwa ni jambo jingine kabisa.

Kabla sijarudi chuoni nilianza daftari. Kila jioni niliandika saa ndege ilipopita, ilitokea upande gani, na kama mlio ulikuwa wa kuteremka kwa utulivu au wa injini kuongezwa nguvu. Siku mbili nilisahau, na bibi akanikumbusha, kwa sababu yeye hakuwa amesahau. Daftari nimemwachia binamu yangu wa kidato cha pili. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa mwisho. Kwenye safu ya maelezo alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa haraka: "Imechelewa. Bibi amekataa kupakua ugali."