Meza Inapocheza: Namna ya Kuitengemaza

Meza ya miguu minne ina kasoro mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kucheza: ukiegemea pembe moja, mguu wa pembe ya pili unanyanyuka na chai inamwagika. Ya pili ni kuinama: miguu yote imegusa chini, meza imetulia tuli, lakini ukiweka limau juu yake linabingirika mpaka ukingoni. Meza inayocheza inaweza isiwe imeinama, na iliyoinama inaweza isicheze kabisa. Ni lazima ujue kwanza unatibu ipi.

Kucheza kunatokana na mguu wa nne. Ncha tatu hutua popote, hata juu ya mawe, ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi kikiwekwa jikoni kwenye sakafu ya udongo. Ukiongeza mguu wa nne, unaidai sakafu iwe sawa, au samani yenyewe ikubali kujipinda. Kitanda cha kamba cha pwani hukubali: fremu yake imeshikwa kwa msuko, si kwa skrubu, hivyo hunyumbuka kidogo na kila tendegu likapata pa kukanyaga. Meza ya mbao ngumu iliyokazwa kwa gundi na skrubu haina unyumbufu huo. Kasoro ya milimita moja tu inatosha kuifanya igonge sakafu kila unapokata kitunguu.

Katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Magogoni mpaka Kariakoo, mtuhumiwa wa kwanza awe sakafu. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma, nyingi zina sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ardhi. Ardhi ikititia mahali pamoja, saruji nayo hushuka au hupasuka. Uani huinamishwa kwa makusudi ili maji ya kufulia yaende mferejini. Kwenye ghorofa mpya tatizo ni la aina nyingine: kigae kimoja kimesimama juu kidogo kuliko jirani yake, na mguu wa meza umeangukia hapo hapo. Nje, kwenye Mtaa wa Kongo au Msimbazi, mchuuzi anayepanga bidhaa juu ya meza kando ya barabara anapambana na lami iliyoinama kuelekea mtaro. Kwake yeye kipande cha tofali ni kifaa cha kazi kama mizani.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mguu wowote, zungusha meza. Ishike katikati, igeuze taratibu, na kila hatua ibonyeze pembeni. Ikiwa mguu unaonyanyuka unabadilika kadiri unavyogeuza, sakafu ndiyo mbovu. Ikiwa ni ule ule popote unapoipeleka, kasoro iko kwenye meza. Kuzungusha huku si kipimo tu, mara nyingi ndiko tiba yenyewe. Wanahisabati wameshughulikia jambo hili kwa dhati; Roger Fenn alichapisha uthibitisho wake kuhusu meza ya mraba mwaka 1970, na wengine wakaendeleza hoja hiyo. Kwa lugha ya nyumbani inasema hivi: meza ya mraba yenye miguu sawa, ikiwa juu ya sakafu yenye mabonde ya taratibu, itapata mahali pa kutulia kabla hujamaliza kuigeuza robo ya mzunguko. Masharti ni mawili. Miguu iwe sawa kweli, na sakafu isiwe na ngazi ya ghafla kama ile ya kigae kilichochomoza. Vilevile hoja hii inaahidi utulivu, haiahidi usawa: meza itaacha kucheza lakini inaweza kubaki imeinama.

Ikibainika kwamba kasoro iko kwenye meza, wengi hukimbilia kusema mguu mmoja umekuwa mfupi. Mara nyingi si kweli. Mbao ikikauka husinyaa sana upande wa upana na unene wake, lakini kwa kufuata urefu wa nyuzi haipungui hata asilimia moja. Mguu wa sentimita 70 uliotengenezwa kwa mbao mbichi utapoteza kama milimita moja, na wenzake watatu watapoteza vivyo hivyo. Kinachobadilika ni fremu. Mbao za kuunganisha miguu zikisinyaa, ulimi unalegea ndani ya tundu lake, gundi inaachia, fremu inajipinda, na mguu uliokuwa sawa unajikuta hewani. Mninga unasifiwa na mafundi kwa sababu hautembei sana ukishakauka. Paini ambayo haijakauka vizuri, ikinunuliwa wakati wa masika, huanza kujipinda jua la kiangazi linapoingia. Anayenunua Keko au Gerezani asione haya kumwuliza fundi mbao imekaushwa muda gani. Ni swali la haki.

Basi pindua meza miguu juu, shika kila mguu na uutikise. Unaolegea ukazwe: boliti kwa spana, na kiungo cha gundi kifunguliwe, kikwanguliwe gundi ya zamani, kipakwe mpya na kufungwa kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti mpaka kesho yake, huku meza imesimama mahali palipo sawa. Meza nyingi hupona hapa.

Ikicheza bado, pima pengo. Karatasi za kawaida za kuchapia ni nzuri kwa kazi hii, kwa kuwa kumi zikipangwa pamoja zina unene wa takriban milimita moja. Chomeka moja moja chini ya mguu ulio hewani mpaka meza itulie, kisha zihesabu. Sasa unajua unene wa kipande unachotakiwa kuweka.

Boksi lililokunjwa, ambalo ndilo kila mtu hulikimbilia, ni dawa ya siku mbili. Sakafu zetu zinadekiwa kila asubuhi. Boksi linanywa maji, linabonyea, meza inarudi kucheza na mende wanapata makazi. Afadhali kipande cha plaiwudi au mbao ngumu kilichosuguliwa kwa msasa mpaka kifikie unene ule, kikapakwa gundi na kupigiliwa msumari mdogo chini ya mguu. Kipande cha kandambili nacho kinafaa: hakiozi, hakitelezi kwenye vigae, tena kinameza kelele. Ila hubonyea kidogo, kwa hiyo kizidi kipimo kwa unene wa karatasi chache.

Kukata ni hatua ya mwisho, na ndiyo inayoharibu meza nyingi. Mtu anakata mguu huu, unazidi kuwa mfupi, anakata ule, na meza ya kulia inaishia kuwa meza ya kahawa. Ukilazimika kukata, tafuta juu ya meza nyingine iliyo bapa, simamisha yako hapo kwa miguu mitatu, na mguu uliozidi uning'inie nje kidogo ya ukingo. Mahali ukingo unapoukuta mguu, piga mstari wa penseli kuuzunguka. Hapo ndipo pa msumeno, na umalizie kwa tupa.

Kuinama kunapimwa kwa pima maji, chombo ambacho kinahusishwa na Mfaransa Melchisédech Thévenot wa karne ya 17. Lisipokuwepo, mpira mwembamba unaoonyesha ndani uliojazwa maji, kama ule wa mafundi waashi, hutoa jibu lile lile: maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja. Jokofu na mashine ya kufulia huja na miguu ya kuzungusha. Mashine isawazishwe pande zote, la sivyo itatembea ikianza kukamua. Jokofu liinamie nyuma kidogo tu ili mlango ujifunge. Karibu na bahari, kama Magogoni, hewa ya chumvi huitia kutu miguu hiyo, kwa hiyo ipake grisi kabla haijagoma.

Kabati la nguo la milango miwili hujieleza lenyewe. Milango isipolingana, inua pembe ya mbele ya upande ambao mlango wake umeshuka, kipande baada ya kipande, mpaka iwe sawa. Kisha, kama nyumba ina watoto, lifunge kabati ukutani kwa kipande cha chuma na skrubu mbili, kwa sababu mtoto hupanda droo zilizo wazi kama ngazi, na kabati refu linaweza kumwangukia hata likiwa limesawazishwa vizuri.