Reli, Homa na Maneno: Kinga ya Maradhi ya Kifua Voi na Taita-Taveta

Mji wa Voi ni njia panda. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo kuelekea bara; na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga tawi lililotoka Voi, kupitia Maktau, hadi Taveta, ili kupeleka askari na zana dhidi ya Wajerumani. Hivyo nchi ya Wataita na Wataveta ikawa mlango wa watu, wa mizigo na wa lugha. Mlango uliopitisha hayo ulipitisha maradhi pia.

Mnamo Septemba 1918 ugonjwa mkuu wa mafua uliokuwa ukizunguka dunia uliingia Kenya kwa bandari ya Mombasa, ukapanda bara kwa njia ya reli. Kumbukumbu za serikali ya kikoloni, zilizochunguzwa upya na wataalamu katika makala ya mwaka 2019, zaonyesha kwamba katika Mkoa wa Pwani kiwango cha vifo kilipanda mara sita, na idadi ya waliotafuta matibabu mara tatu. Katika kila watu 1,000, wapatao 25 walifariki.

Hapakuwa na chanjo. Virusi vya mafua ya binadamu havikutambuliwa hadi mwaka 1933. Kinga iliyokuwapo ni kumtenga mgonjwa na kupunguza mikusanyiko. Lakini nchi ilikuwa imechoshwa na vita, na uchukuzi wa mizigo ya jeshi, na ukame wa mwaka huo huo. Aliyepaswa kutulia nyumbani ndiye aliyelazimika kutoka kutafuta chakula.

Katika kinga ya namna hii, inayotegemea mwenendo wa kila mtu, neno lina kazi kubwa kama ya dawa. Hapa Voi pana tatizo lake. Kwa msemaji wa pwani, homa ni joto la mwili. Pua inayotiririka ni mafua. Kwa Wakenya wengi wa bara, homa ndiyo mafua yenyewe. Aidha, katika nyanda za chini za Voi na Taveta, ambako malaria si mgeni, neno hilo hilo hutumika kwa malaria. Basi ikiandikwa kwamba mtoto mwenye homa asiende shule, mzazi mmoja atamzuia mwenye joto na kumruhusu apigaye chafya. Mwingine atafanya kinyume. Hatari huzidi mama aelezapo kwamba mwanawe ana homa, akapewa dawa ya malaria, kumbe ana kichomi na pumzi zinakwenda mbio.

Historia yaonyesha pia kwamba lugha yaweza kujisahihisha. Barakoa lilikuwa neno la pwani, jina la kifuniko cha uso kilichovaliwa na baadhi ya wanawake. Uviko ulipotangazwa kuingia nchini Kenya, tarehe 13 Machi 2020, neno hilo lilienea bara kwa muda mfupi, na kila mtu alijua linalomaanishwa. Mwezi Mei mwaka huo, mpaka wa Tanzania ulipofungwa kwa wasafiri, malori ya mizigo yaliendelea kupita Taveta kwa sharti la madereva kupimwa. Njia panda ilikuwa ile ile ya 1918, ila safari hii amri ilikuwa na msamiati wa kuibeba.

Mafua hurudi kila mwaka, na virusi vyake hubadilika hata chanjo hulazimu kutengenezwa upya. Kwa hiyo ilani za afya za Voi, Wundanyi na Taveta zisitosheke na neno homa. Zitaje dalili zenyewe: kikohozi, chafya, maumivu ya koo, kupumua kwa shida. Dalili hizo Mpwani na mtu wa bara huzielewa kwa namna moja, na hapo ndipo kinga huanzia.