Mwalimu na Vitabu Vyake

Butiama, mkoani Mara

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alipofariki, na kaburi lake liko hapa hapa Butiama.

Tazama kwanza mwandiko wake. Hii ni tafsiri ya Kiswahili ya sehemu za *Jamhuri* ya Plato, aliyoiandika kwa mkono. Mwaka 1963, akiwa bado mgeni Ikulu, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caezar*. Hakuridhika nayo. Akairudia, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Hata jina alilipa lafudhi yetu!

Kwa wageni wetu wa Uganda: Mwalimu alisomea ualimu Makerere, 1943 hadi 1945.

Walimu, waacheni wanafunzi wasimame hapa kwa utulivu. Wausome mwandiko wa Mwalimu wenyewe, neno kwa neno. Tafadhali msiguse vioo.