UZI: Mitaro ya Nairobi na ule mto tunaoahidiwa kila kampeni

Kila msimu wa kampeni lazima mtu asimame kando ya Mto Nairobi, apigwe picha, aahidi kwamba maji yatakuwa safi. Halafu ubishi unaanza hapa mtandaoni: hawa wanalaumu viwanda, wale wanalaumu watu wa mabanda. Kabla hujachagua upande, hebu turudi nyuma kidogo.

Jina ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika 1899, wahandisi walipiga kambi hapa kwa sababu ndipo palikuwa tambarare kabla ya kupanda nyanda za juu. Kwa reli, sawa. Kwa mji, balaa, maana ardhi ilikuwa ya kinamasi na udongo mweusi haunyonyi maji upesi. Mwaka 1902 tauni ikazuka na soko la Wahindi likachomwa moto. Baadhi ya madaktari wa serikali ya kikoloni walitaka mji uhamishwe. Haukuhamishwa.

1913 Profesa Simpson akaletwa kuchunguza afya ya mji, na ripoti yake ikapendekeza watu watengwe kwa rangi. Wazungu wakakaa juu, magharibi. Waafrika wakasukumwa chini, mashariki. Sasa angalia ramani: mito yetu inatoka magharibi kwenda mashariki. Uchafu wa walio juu umepita mlangoni kwa walio chini miaka zaidi ya 100. Hii sehemu kwenye mikutano huwa hatuisikii.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba Nairobi ina njia mbili za maji. Kuna mabomba ya maji taka, ambayo yanafaa kufika Ruai yasafishwe. Na kuna mitaro ya mvua, ambayo inamwaga moja kwa moja mtoni, bila kusafishwa hata kidogo. Oili ya gereji, dizeli iliyomwagika stejini, karatasi za nailoni, matope ya mjengo, vyote vinangoja mvua. Ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kabisa kwa mto, kwa sababu inaosha uchafu wa miezi kwa siku moja. Ongeza wenye ploti wanaounganisha vyoo na mtaro kwa siri (tunawajua, tunanyamaza kwa sababu kodi iko chini).

Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953 kwenye mto Motoine liwe akiba ya maji ya mji. Watu walikuwa wakishindana hapo kwa mashua za tanga! Leo ni gugu maji na taka. Mitaro na vijito vilileta uchafu huo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Tukija kwa kingo za mto. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka mita 6 hadi 30 ziachwe kila upande. Mwaka 2018 tingatinga ziliangusha majengo, na 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, nyumba za Mathare na kwingine zikabomolewa. Mimi naunga mkono kingo ziachwe, nyasi na miti hupunguza kasi ya maji na kushika matope. Lakini maji ya mtaro hayapiti kwenye nyasi, yanapita ndani ya bomba na kutokea mtoni. Na sehemu kubwa ya maji yaliyobeba nyumba za Mathare ilitoka kwa mapaa, lami na maegesho ya huko juu.

Ni kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Iko hapo, imeandikwa. Lakini mto hausimami kwa mpaka wa kaunti. Unaingia Athi, unapita Machakos na Makueni, unaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Huko kuna watu wanachota na kunyweshea mifugo, na hawapigi kura Nairobi.

Basi mgombea wa kaunti akija kwako, muulize bajeti ya mitaro ni pesa ngapi, inazibuliwa mwezi gani kabla ya mvua ya Machi, na nani anakagua vyoo vilivyounganishwa humo. Akijibu, leta majibu hapa chini tuyasome.