Aliyeosha Miguu na Aliyebusiwa Mguu

Kitabu hiki kidogo, Passional Christi und Antichristi, kilichapwa Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1521, mwaka uleule Papa Leo X alipomtenga na Kanisa Martin Luther, mtawa aliyekuwa akimpinga. Lucas Cranach Mzee, mchoraji wa mtawala wa Saxony, alitoa jozi 13 za picha: Kristo upande mmoja, Papa kama Mpinga-Kristo upande wa pili.

Tazama jozi hii. Yesu ameinama mbele ya wanafunzi wake, anawaosha miguu. Mkabala wake Papa ameketi kwenye kiti cha enzi, amenyoosha mguu ubusiwe. Cranach hakumpa Papa pembe wala uso wa kutisha. Alimvika taji lake la ngazi tatu, basi. Hapo ndipo penye makali, kwa kuwa hata asiyejua kusoma angeiona tofauti hiyo mara moja.

Kila picha ilichongwa kwenye kipande cha ubao. Mistari iliyobaki juu ilipakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi pamoja na herufi za risasi, hivyo nakala nyingi zilitoka upesi na kwa bei nafuu. Katika jozi ya mwisho, Kristo anapaa mbinguni. Papa anatupwa motoni.